Dagaa wa Kigoma walitokaje baharini?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninauza dagaa hapa Kigoma, mwalo wa Kibirizi. Juzi mteja mmoja kutoka Tanga aliniambia dagaa wetu ni ndugu wa dagaa wa baharini, eti mababu zao walitoka huko. Nyumbani mwanangu wa kidato cha tatu alicheka, akasema wamefundishwa kwamba samaki wa baharini akitiwa kwenye maji baridi anakufa. Nani anasema kweli? Na kama kweli walitoka baharini, walifikaje huku bara, na waligeukaje kuwa aina nyingine ya samaki? Je, mambo hayo yalikwisha zamani au yanaendelea hata leo?

Jibu: Marahaba, mama. Mteja wako amesema kweli na mwanao pia amesema kweli. Samaki wengi wa baharini ukiwatia ziwani hawamalizi siku nyingi. Hata hivyo dagaa unaouza ni kizazi cha samaki wa baharini. Ili kauli hizo mbili zikae pamoja inabidi tuangalie mambo mawili, chumvi na mahali pa kuzaana. Watu wengi huishia kwenye chumvi. Mimi naona jambo zito liko kwenye hilo la pili.

Kwanza ukoo wenyewe. Dagaa wanaovuliwa kwa taa ziwani kwenu ni spishi mbili, yaani aina mbili za samaki. Mmoja ni Stolothrissa tanganicae, mdogo, akikua sana hufika kama sentimita 10, naye hukaa maji ya wazi katikati ya ziwa. Wa pili ni Limnothrissa miodon, mkubwa zaidi, ambaye hukaribia ufuko. Kiasili hawa wawili hawapatikani penginepo duniani ila Tanganyika. Wote wako kundi moja na sardini na heringi, na ukipitisha kidole tumboni mwa dagaa mbichi utagusa ukingo wa magamba makali, alama ya ukoo huo. Dagaa wa Mwanza hawamo humo. Yule ni Rastrineobola argentea, jamaa ya ningu, samaki wa mito na maziwa kwa asili. Mteja wako angeyasema maneno yale sokoni Mwanza angekuwa amekosea, lakini Kigoma amepatia.

Sasa, walipitia wapi? Mwishoni mwa karne ya 19 Mwingereza J. E. S. Moore alifunga safari mara mbili kuja kuchunguza viumbe wa Tanganyika. Alikuta konokono wenye magamba mazito yanayofanana na ya pwani, kaa, na hata konyeza mdogo anayeelea kwenye maji yasiyo na chumvi. Akahitimisha kwamba ziwa hili zamani lilikuwa mkono wa bahari uliokatika. Ni wazo zuri, na kwa mtu aliyesimama ufukweni Ujiji akitazama mawimbi si wazo la kijinga hata kidogo. Ila si kweli. Ziwa lilitokana na ardhi kupasuka katika Bonde la Ufa, lina umri wa miaka kama milioni 9 hadi 12, na halijawahi kuungana na bahari.

Njia ya dagaa ilikuja kuonekana kwenye jeni zao. Mwaka 2008 Anthony Wilson na wenzake walilinganisha DNA ya dagaa wa Tanganyika, wa mito ya Afrika na wa baharini. Walikuta kwamba mababu wa dagaa wa maji baridi wa Afrika waliingia kutoka baharini upande wa Afrika Magharibi, kati ya miaka milioni 50 na milioni 25 iliyopita, baada ya bahari kupanda na kufunika sehemu kubwa za eneo lile. Kutoka huko walienea mto hadi mto, wakaingia bonde la Kongo, na kizazi chao kimojawapo kikaishia Tanganyika. Jamaa zao wa karibu bado wako katika mito ya Kongo, na chisense wa Ziwa Mweru ni wa ukoo huohuo. Kwa hiyo walipoingia ziwani tayari walikuwa samaki wa mtoni kwa mamilioni ya miaka. Hapakuwa na siku ambayo dagaa wa chumvi alirukia Tanganyika. Na mwambie mteja wako wa Tanga asijivune sana, maana walitokea upande wa Atlantiki, si kwao.

Tumrudie mwanao na chumvi yake. Bahari ina karibu gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Damu ya samaki wengi wenye mifupa, awe wa baharini au wa ziwani, ina chumvi kama theluthi tu ya hiyo. Wewe mwenyewe unajua kinachotokea samaki akipakwa chumvi ili awe ng'onda: maji humtoka. Samaki wa baharini anaishi katika hali hiyo maisha yake yote. Maji humtoka kupitia mashavu, yaani matamvua, na ili asikauke hunywa maji ya bahari, kisha chembe maalumu za mashavuni husukuma chumvi ya ziada nje. Mkojo wake ni kidogo sana. Samaki wa maji baridi ana shida ya upande wa pili. Maji yanamwingia na chumvi inamtoka. Hivyo hanywi, hukojoa sana mkojo mwepesi, na mashavu yake hunyonya chumvi kidogo iliyomo majini na kuiingiza kwenye damu. Maana yake ni kwamba samaki anayehama lazima ageuze mwelekeo wa kusukuma chumvi. Asiyeweza kufanya hivyo akitiwa ziwani hujaa maji, hupoteza chumvi ya damu, kisha misuli na moyo hushindwa kufanya kazi. Somo la mwanao liko sahihi.

Lakini wako wanaoweza, na si wachache. Papa aitwaye Carcharhinus leucas hupanda Mto Zambezi mamia ya kilomita. Perege wengi huvumilia maji ya chumvichumvi kwenye midomo ya mito. Mkunga wa Tana, Pangani na Rufiji huishi mtoni miaka mingi akiwa amezaliwa baharini. Kama kuvuka chumvi peke yake kungetosha kuzaa spishi, basi kila mto wetu ungekuwa na papa wake na mkunga wake. Haiko hivyo.

Mtazame huyo mkunga. Akipevuka huteremka mto, huenda kutaga mbali baharini, na hafanyi hivyo tena. Watoto wake hubebwa na mikondo, nao huingia mto wowote wanaoukuta. Mtoto wa mkunga hamfuati mama yake kwenye mto aliokulia. Hata kama mto mmoja una maji magumu na mwingine maji laini, kila kizazi kinachanganywa upya baharini, na tofauti yoyote iliyoanza kujengeka inayeyuka. Samoni wa Pasifiki hufanya kinyume chake. Hukua baharini lakini hurudi kutaga kwenye kijito kilekile alikozaliwa. Ndiyo maana samoni aitwaye Oncorhynchus nerka ana makundi yaliyoacha kabisa kwenda baharini na kubaki maziwani, yakiwa na miili midogo na tabia zake. Samaki hawa wawili wote huvuka chumvi bila taabu. Kinachowatofautisha ni mahali wanapokutania kuzaa, na hapo ndipo spishi mpya inapoanzia.

Dagaa wako walimaliza kazi hii zamani mno, kwa hiyo hawawezi kutuonyesha hatua za mwanzo. Anayetuonyesha ni samaki mmoja mdogo wa nchi za baridi, Gasterosteus aculeatus, ambaye mgongoni ana miiba mitatu. Hana thamani yoyote sokoni, lakini sidhani kuna samaki mwingine aliyetufundisha mengi zaidi kuhusu jambo hili. Nitakaa kwake kidogo.

Samaki huyu wa miiba mitatu asili yake ni baharini, pande za kaskazini za Atlantiki na Pasifiki. Huko mbavuni amevaa vibamba vya mfupa zaidi ya 30 kila upande, vinavyomkinga asimezwe. Miaka kati ya 10,000 na 12,000 iliyopita barafu kubwa ya kaskazini iliyeyuka na kuacha maelfu ya maziwa na vijito vipya. Samaki wa baharini wakaingia, wengine wakanaswa humo ardhi ilipoinuka. Leo ukienda kwenye mengi ya maziwa hayo, yawe ya Kanada, Scotland au Norwei, utakuta samaki wa ukoo huo wenye vibamba vichache tu, mara nyingi pungufu ya 10, na miili iliyobadilika kwa namna zinazofanana. Maziwa hayo hayajawahi kuungana. Badiliko lilelile limetokea tena na tena, kila ziwa kwa wakati wake.

Na halihitaji miaka elfu kumi. Karibu na Anchorage, Alaska, kuna ziwa liitwalo Loberg. Mwaka 1982 liliwekwa sumu ili kuua samaki waliokuwemo na kupisha samaki wa kuvuliwa kwa ndoano. Baadaye samaki wa miiba mitatu kutoka baharini wakapenya wenyewe. Mtafiti Michael Bell alipoanza kuwachukua sampuli mwaka 1990, asilimia 96 walikuwa na vibamba kamili kama wa baharini. Kufikia 2001 wenye vibamba kamili walikuwa asilimia 11 tu. Hiyo ni miaka 11, vizazi visivyofika kumi vya samaki huyu. Kisiwa cha Middleton, pia Alaska, kiliinuliwa zaidi ya mita 3 na tetemeko kubwa la Machi 1964, na vidimbwi vipya vya maji baridi vikajitokeza. Utafiti uliochapishwa 2015 ulikuta samaki wa vidimbwi hivyo wameshatofautiana waziwazi na wa baharini kwa umbo na kwa jeni, ndani ya nusu karne.

Hapa mwanao atauliza, kama ni mwanafunzi mzuri: mabadiliko ya jeni hutokea kwa bahati na huchukua muda, sasa yalipatikanaje haraka hivyo? Jibu ni kwamba mengi yake hayakuwa mapya. Jeni inayohusika zaidi na vibamba inaitwa Eda. Mwaka 2005 timu ya mtafiti David Kingsley ilionyesha kwamba toleo la Eda linalopunguza vibamba ni karibu lilelile katika maziwa yaliyo mbalimbali duniani, na umri wake unazidi sana umri wa maziwa yenyewe. Toleo hilo limo baharini pia, limebebwa kimyakimya na samaki wachache, kwa kadiri ya mmoja katika mia, na kwa kuwa nakala moja ya toleo la kawaida inatosha kumpa samaki vibamba vyake, halionekani. Kila samaki wa ziwani wanaposombwa na mafuriko hadi pwani na kuzaa na wa baharini, toleo hilo hurudishwa kwenye akiba. Wakija wengine kuingia ziwa jipya wanalo tayari. Uteuzi wa asili, yaani wanaofaa zaidi mahali hapo kuishi na kuzaa kuliko wengine, unachofanya ni kulizidisha tu.

Si kila kitu kimo akibani, na tusikaze kanuni kupita kiasi. Katika maziwa kadhaa samaki hawa wamepoteza hata miiba ya nyonga. Mwaka 2010 ilionekana kwamba kilichokatika ni kipande cha DNA kinachowasha jeni Pitx1 sehemu ya nyonga. Kipande hicho kimekatika kivyake katika maziwa tofauti, kila mahali mkato wake. Hapo ni badiliko jipya, lakini kwenye sehemu ya DNA iliyo dhaifu na inayokatika kirahisi.

Mwaka 2012 jenomu nzima, yaani DNA yote, za samaki 21, wa baharini na wa maji baridi, zililinganishwa. Sehemu zinazotofautiana kwa mpangilio uleule zilikuwa nyingi, na tatu kati yake ni vipande vya kromosomu vilivyogeuzwa, kichwa kikawa mkia. Kimojawapo kina ATP1A1, jeni ya pampu ya sodiamu na potasiamu, yaani mtambo uleule wa mashavuni niliokuwa nikiueleza. Kugeuzwa huku kuna faida ambayo si rahisi kuiona mara moja. Samaki wa baharini akizaa na wa ziwani, jeni za wazazi huchanganywa katika vizazi vinavyofuata, na fungu la jeni zinazofaa kwa pamoja huvunjika. Kipande kilichogeuzwa hakichanganyiki na kile ambacho hakikugeuzwa, kwa hiyo fungu hurithiwa zima. Ndiyo maana makundi mawili yanaweza kukutana mdomoni mwa mto na kuzaana kidogo bila tofauti zao kufutika.

Kisha kuna chakula, ambacho wengi wanakisahau. Vijidudu vya baharini vina mafuta mengi ya aina ya DHA, yanayohitajika kwenye ubongo na macho. Vya maji baridi vina machache. Huko Japani wako samaki wa miiba mitatu wa namna mbili. Mmoja ameweza kuingia mitoni na maziwani, mwenzake wa Bahari ya Japani hakuweza, ingawa chumvi haikuwa kikwazo chake kikubwa. Mwaka 2019 Asano Ishikawa, Jun Kitano na wenzao walionyesha sababu: walioweza wana nakala zaidi za jeni Fads2, ambayo humwezesha samaki kujitengenezea DHA. Vifaranga wa asiye nazo wakilishwa chakula kisicho na DHA wengi hufa. Watafiti hao wakaona pia kwamba koo nyingine za samaki zilizohamia maji baridi kwa kawaida zina nakala nyingi za jeni hiyo kuliko jamaa zao wa baharini. Mimi utafiti huo ulinifurahisha kuliko ule wa vibamba, kwa sababu unaeleza kwa nini wengine hufika mlangoni na kushindwa kuingia.

Haya yote ni mabadiliko ya mwili. Je, ni spishi? Bado hapo tungekuwa na samaki mmoja mwenye sura mbili. Spishi inakuja makundi mawili yanapokutana na yasizaane, au yakizaana watoto wasifanikiwe. Kwa samaki huyu hatua ya kwanza inatokea karibu bila kukusudiwa. Wa baharini ni mkubwa, wa vijito ni mdogo. Jike huelekea kumkubali dume wa ukubwa wake. Mwaka 2004 Jeffrey McKinnon na wenzake walichukua samaki kutoka nchi mbalimbali na kuwaweka pamoja, wakakuta wa baharini wa nchi moja wanapatana na wa baharini wa nchi ya mbali kuliko na wa kijito. Mwili ulibadilika kwa ajili ya mazingira, na uchaguzi wa mwenza ukafuata nyuma yake.

Na hatua hiyo inaweza kurudi nyuma. Katika maziwa machache madogo ya British Columbia, Kanada, likiwemo Paxton, kuna spishi mbili ndani ya ziwa moja. Mmoja ni mnene anayekula wadudu wa chini, mwingine ni mwembamba anayekula vijidudu vinavyoelea. Maelezo yanayokubaliwa zaidi ni kwamba bahari iliwaingiza mara mbili kwa nyakati tofauti. Waliotangulia wakakaa chini, waliofuata wakashika maji ya juu. Ziwa Enos nalo lilikuwa na jozi kama hiyo. Kisha wakaletwa kamba wa maji baridi wasio wa pale, mazingira ya kutagia yakavurugika, na spishi mbili zikaanza kuzaana ovyo mpaka zikawa kundi moja la machotara. Miaka elfu kumi ya kutengana ilivunjwa ndani ya miongo michache. Ndiyo maana sipendi kusema kwamba spishi fulani "ilizaliwa" mwaka fulani. Kuna kipindi kirefu ambacho mlango uko nusu wazi.

Sasa rudi Kigoma. Kwa dagaa wako mlango ulifungwa zamani sana. Mababu walipokwisha kupanda mito hadi ndani ya bonde la Kongo hapakuwa tena na mafuriko ya kuwarudisha pwani wakachanganyike na wa chumvi. Mamilioni ya miaka yakapita, na ziwa lilipopata kina likawapa kitu ambacho mto hauna, maji ya wazi yasiyo na mwisho, yenye vijidudu vya kula, kama ilivyo baharini. Juu yao akaja mwindaji ambaye ukoo wake nao umekanyaga pande zote mbili. Mgebuka, sangala na wenzao ni spishi nne za Lates zisizopatikana penginepo ila Tanganyika, ndugu wa sangara wa Mto Nile aliyepelekwa Ziwa Viktoria. Jamaa yao wa Asia na Australia, Lates calcarifer, mpaka leo hupanda mito lakini hutaga kwenye maji ya chumvi. Kwa hiyo mgebuka anapofukuza dagaa usiku mbele ya taa zenu, kisa chenyewe ni cha baharini kilichohamishiwa kilomita zaidi ya elfu moja kutoka pwani. Moore hakuwa kipofu, alichokosea ni njia tu.

Wapo waliokwenda upande wa pili, kutoka maji baridi kuingia maji ya chumvi. Ziwa Natron na Ziwa Magadi yana perege wadogo wa kundi la Alcolapia, spishi nne, mmoja Magadi na watatu Natron. Mababu zao walikuwa perege wa kawaida katika ziwa kubwa la maji baridi lililounganisha mabonde hayo mawili. Lilipokauka, katika miaka kama 10,000 iliyopita, walibaki kwenye chemchemi za magadi zenye joto la zaidi ya nyuzi 40 mahali pengine. Tatizo lao halikuwa chumvi peke yake. Samaki wa kawaida hutoa taka za mwili kama amonia kupitia mashavu, na katika maji ya magadi amonia haitoki. Perege wa Magadi hutoa urea, kama sisi. Na katika historia ndefu ya samaki wenye mapezi ya miale kuna ushahidi kwamba wengi wa walioko baharini leo wametokana na mababu wa maji baridi. Kambare wa baharini anayewachoma wavuvi wa pwani kwa miiba yake ni mmoja wa hao. Uhamaji haukuwa wa upande mmoja.

Jambo moja hunishangaza kila nikilifikiria. Mito na maziwa ni sehemu ndogo mno ya maji ya dunia, hata asilimia moja haifiki, na bado yana karibu nusu ya spishi zote za samaki. Bahari ni moja na mikondo inachanganya. Maziwa na mito ni mingi, na kila mmoja una mipaka yake. Samaki anayeingia humo anapata vyumba vya kutengana.

Swali lako la mwisho, kama yanaendelea. Ndiyo, na mengine tumeyaanzisha sisi. Limnothrissa wa kwenu alipelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, ambako Wanyarwanda humwita isambaza, na mwaka 1967 na 1968 akapelekwa bwawa la Kariba, ambako ni kapenta. Kule Kariba amekuwa mdogo kuliko wa Kigoma na hupevuka mapema. Sijamwita spishi mpya, na muda huo ni mfupi mno kusema hivyo, lakini ametengwa na ndugu zake na mazingira yake ni mengine.

Mfano ulio karibu zaidi na kisa cha dagaa wenyewe uko Connecticut, Marekani. Kuna samaki aitwaye Alosa pseudoharengus, wa kundi kubwa la heringi, ambaye hukua baharini na kupanda mito kutaga. Walowezi walipojenga mabwawa ya kusagia nafaka na mengineyo karne chache zilizopita, baadhi walinaswa maziwani. Waliobaki ndani wamekuwa wadogo, midomo yao imebana, na vichujio vya mashavuni vimesongamana kwa ajili ya kula vijidudu vidogo mwaka mzima. Watafiti walipowatia kwenye maji ya chumvi kama ya bahari, walivumilia vibaya kuliko ndugu zao wanaosafiri. Uwezo usiotumika ulikuwa umeanza kupotea. Kwa hiyo mwanao akikuuliza kama dagaa wa Kigoma akirudishwa Tanga ataishi, sioni sababu ya kutarajia hivyo. Hawa wa Connecticut wamepunguza uwezo wao kwa karne chache, na dagaa wako wamekaa nje ya bahari kwa miaka isiyopungua milioni 25.